Mbegu Isiyopikwa Haipandwi

Wajukuu zangu, haya nimeyasema harusini, nimeyasema matangani, na nimeyasema kwenye simu kila mnaponipigia siku ya Idi. Leo nayaandika. Maneno ya mtu mzima huingia sikio hili yakatokea lile, na mimi koo limechoka. Mkiyasoma mara moja mkayaweka, basi, labda siku moja mtayatafuta.

Nikija kwenu mjini, kila jikoni nakuta vitu vilevile: sembe, mchele, ngano, maharage, mafuta ya dumu. Na juu ya kabati, ndani ya chupa ya kioo, nakuta chia. Niliuliza mbegu hizi zimetoka wapi nikaambiwa asili yake Mexico. Sina ugomvi na chia. Watu wa Mexico walizila tangu enzi za wazee wao, hawakuziacha, na ndiyo maana leo zipo za kuuzwa hadi Dar es Salaam. Linaloniuma ni kwamba mnaijua mbegu ya Mexico kwa jina, faida na kipimo cha kijiko, kisha mtu akiwawekea kweme mkononi mnaigeuza-geuza na kuuliza hiki ni kitu gani.

Neno langu ni moja, na yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Mbegu hulindwa na chungu. Ikipikwa nyumbani itatafutwa sokoni, ikitafutwa sokoni atatokea wa kuipanda, ikipandwa, itakuwepo. Ikikosa mpishi itatoweka shambani hata kama imesifiwa kwenye vitabu vyote. Msije mkaniambia kwamba serikali itaangalia, au wataalamu wataangalia. Wao wana yao ya kufanya, na nyinyi mna jiko.

Nianze na kweme, kwa sababu nimekulia Usambara na kwa sababu hii ni yetu hasa. Mkweme asili yake ni pande hizi, Tanzania kushuka hadi kaskazini ya Msumbiji. Wanasayansi wa Ulaya waliuandika kwenye vitabu vyao miaka ya 1820 wakauita Telfairia, kwa heshima ya Charles Telfair aliyekuwa akiishi Mauritius. Waliouandika ni wao. Waliokuwa wakiupanda na kuula tangu zamani ni bibi zetu wa Usambara, Upare, Uchaggani na visiwani.

Ni mmea unaotambaa, wa ukoo mmoja na maboga. Hupanda mti mrefu hadi kileleni, na ukiuegemeza kwenye mti mdogo utauelemea mpaka uufishe. Kwa hiyo huchaguliwa mti mkubwa, wenye matawi imara, ambao mwenye shamba hana haja ya kuukata karibuni. Tunda lake lina mbavu kama za boga na huweza kufikia kilo 15; ndani yake mna mbegu hata zaidi ya mia. Likikomaa hupasuka lenyewe na kumwaga mbegu chini. Tena kuna mkweme dume na mkweme jike, na hutajua umepanda upi mpaka uchanue. Vijana hupanda mmoja, wakingoja miaka wasione tunda husema ardhi ya babu imechoka. Ardhi haijachoka. Panda kadhaa, dume mmoja hutosha majike mengi, na ukishashika, mkweme huzaa kwa miaka mingi bila kudai mbolea wala dawa.

Sasa mbegu yenyewe. Ni bapa na ya mviringo, upana wake kama sentimita nne, imevikwa nyuzi ngumu juu ya ganda gumu zaidi. Hapo ndipo mnaposhindwa mkaiacha. Ioshe uteute wote, ianike juani siku kadhaa mpaka ukiitikisa kiini kinagonga ndani. Shika kisu kifupi, tafuta ukingo wa ganda, chomeka na upindue mkono. Ya kwanza itakusumbua, ya kumi utaizoea. Usiitwange na ganda lake kwa kutaka kuokoa muda: ganda lina uchungu, na uchungu ukishaingia kwenye mafuta hautoki. Nimeona chungu kizima cha mboga kikimwagwa kwa haraka hiyo.

Kiini kikishatoka, umepata kitu. Zaidi ya nusu yake ni mafuta, hufikia asilimia 60, na zaidi ya robo ni protini. Kitafune kibichi, utaonja kama lozi. Kikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka, na ukisikia harufu tu, epua, maana kwa mafuta yake hukaribia kuungua mara moja. Kitwange kwenye kinu mpaka kilainike na kuanza kutoa mafuta, kisha kitie kwenye kisamvu mahali ulipozoea kutia karanga, au kwenye mnavu, au kwenye ndizi mbichi zinazochemka. Usiongeze mafuta mengine. Mboga ya kweme ikitiwa mafuta ya dumu inakuwa nzito na ladha ya kweme inafunikwa.

Na uji wa mzazi. Usambara na Uchaggani, mwanamke akijifungua aliletewa kweme kabla ya kuletewa nguo. Zilitwangwa zikatiwa kwenye uji au mchuzi wake siku zote alizokaa ndani. Bibi zetu walisema huleta maziwa. Sitabishana na mwenye maabara juu ya hilo. Ninachokijua ni kwamba mwanamke aliyepoteza damu na ananyonyesha, ukampa kila siku chakula chenye mafuta na protini kiasi hicho, anasimama upesi. Siku hizi naona mzazi analetewa makopo ya vinywaji vya sukari, na mkweme wa mama mkwe wake umepasua matunda, mbegu zinaozea chini ya mti. Hilo linanitia simanzi kuliko yote.

Njugu mawe nazo mmezisahau, watu wa pwani hasa. Karanga ni mgeni. Wareno ndio walioileta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, karne ya 16. Kabla yake palikuwa na njugu mawe, mbegu ya Afrika yenyewe, inayozaa chini ya udongo vilevile lakini ngumu na ya mviringo. Haina mafuta mengi kama karanga. Ina wanga zaidi ya nusu na protini karibu asilimia 20, kwa hiyo ni chakula kamili, mtu akila sahani moja hadai wali. Nasikia mkilalamika kwamba haziivi. Zinaiva. Chagua, toa zilizobunguliwa, loweka tangu magharibi hadi asubuhi, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka ukibonyeza kwa vidole inapondeka. Mkiwa na sufuria ya presha kazi ni ndogo zaidi. Magadi kidogo husaidia, yakizidi yanaharibu ladha. Zikiiva ndipo utie tui jepesi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, chumvi; zikaukie kidogo, umalizie na tui zito na moto mdogo, usiache tui likatike. Watu wakifuturu kwa njugu mawe za nazi, husali tarawehe wakiwa na nguvu.

Kunde sitazisemea sana, maana bado mnazila, ila mmekuwa mnanunua zile nyeupe za dukani peke yake. Kunde ni za Afrika tangu asili na zina aina nyingi, nyekundu, nyeusi, za madoa; kila aina ina muda wake wa kuiva na mchuzi wake. Nyekundu ndizo zinazotoa mchuzi mzito. Na mkunde mmoja unakupa mboga ya majani kabla hujavuna mbegu. Mnaonunua mjini, ulizeni wauzaji zile za rangi. Asipoulizwa, hataleta.

Mtama, uwele na ulezi ndiyo habari ndefu, kwa sababu hapa hatukusahau tu, tuliona aibu. Mtama ulianza kulimwa Sudan ya leo, yapata miaka elfu tano iliyopita. Ulezi ni wa nyanda za juu za Uganda na Ethiopia. Uwele ulitoka kusini mwa Sahara, upande wa magharibi, ukateremka hadi bahari yetu. Watafiti waliochimba Pemba walikuta mbegu zilizoungua kwenye majiko ya kale. Katika mji wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, chakula kilichotawala kilikuwa uwele. Katika mji wa Chwaka uliokuja baadaye, kuanzia karne ya 11, mchele ukapanda hadi ukashika nafasi. Kwa hiyo mtu wa pwani anayesema uwele ni chakula cha bara, akumbushwe kwamba babu zake wa Pemba waliula kwa karne nyingi kabla ya wali kuwa chakula cha heshima. Nao mkate wa mofa uliokuwa ukibandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, unga wake ulikuwa wa mtama. Siku hizi mofa inatengenezwa kwa ngano na wengi hawajui tofauti.

Kisha yakaja mahindi, kutoka Amerika nayo, na baada ya muda yakafunika kila kitu. Siyachukii. Yanazaa sana mvua ikiwa nzuri na gunzi linajifunika lenyewe. Lakini mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa nywele, umekosa mwaka mzima. Mtama katika ukame hukunja majani, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Ndiyo sababu Wagogo wa Dodoma hawakuacha ugali wa mtama na wa uwele kwa mlenda, pamoja na maneno yote waliyosemwa na waliojiona wa mjini.

Najua kwa nini wakulima walikimbia mtama, na siwalaumu. Ndege. Kwelea kwelea wakishuka shambani hawabakizi, na zamani watoto ndio walioamia ndege kutwa nzima juu ya dungu. Leo watoto wako shule, na shule ndiko wanakostahili kuwa. Tena kulikuwa na kutwanga: wanawake walitwanga mpaka viganja vikafanya sugu, na mashine ya kusaga ilipokuja ilisaga mahindi kwanza. Hizo ni sababu za kweli. Aibu si sababu. Mlio mjini hamfukuzi ndege wala hamtwangi. Unga wa ulezi na wa mtama unauzwa umeshasagwa. Nyinyi mmebakiwa na aibu tu, na aibu haina gharama kuiacha.

Na ulezi msiufanye uji wa mgonjwa pekee. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, ambazo ni zaidi ya mara kumi ya mchele mweupe. Changanyeni kwenye unga wa chapati, robo kwa robo tatu za ngano, mtaona rangi na harufu. Mtama mzima uliokobolewa upikeni kande pamoja na kunde nyekundu na nazi. Nimewapikia wageni wa mjini kande hiyo, wakaomba waongezewe.

Kuna jambo la ulezi ambalo nataka kila mama aliye na mtoto mdogo alishike. Loweka ulezi usiku mmoja, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi uchipue, uanike ukauke vizuri, usage. Hicho ni kimea. Pika uji mzito wa mtoto, uache upoe kidogo, wa vuguvugu usiounguza, utie kijiko cha kimea na ukoroge. Utauona uji ule mzito ukilegea mbele ya macho yako bila kuongezwa maji, kwa sababu kimea huvunja wanga. Uchemshe tena kidogo ndipo umpe mtoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji wa maji humjaza bila kumlisha, lakini huu unampa chakula kingi kwa kikombe kilekile. Kimea hichohicho ndicho kinachofanya togwa ya Songea na Iringa. Mnaponunua unga wa makopo wenye picha ya mtoto mnene, kumbukeni kwamba jambo hili linafanyika kwa kibaba cha ulezi.

Ubuyu mnaupenda, najua, ule mwekundu wenye sukari na iliki. Mnamumunya unga wake mkitema mbegu. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hawatemi. Hutwanga unga na mbegu pamoja, wakapata chakula chenye mafuta na protini, si uchachu peke yake. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko kama chakula, na tangu hapo wengine wanaulipia bei kubwa kule. Mbegu ya ubuyu ikikaangwa na kusagwa hukoleza mchuzi wa mboga za majani, ikaufanya mzito na wa harufu nzuri. Ganda lake ni gumu, nakubali. Ikaange kwanza, ndipo kinu kiiweze.

Hapa naomba msikilize kwa makini zaidi, kwa sababu mtu akizinduka huwa na pupa. Si kila mbegu ya kwetu inaliwa. Nyonyo ina sumu kali. Mbono kaburi, ule unaopandwa uzio, mbegu zake zina ladha nzuri mdomoni na watoto huzila wakaishia kutapika na kukimbizwa hospitali. Tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi zinazotungwa shanga, ikitafunwa moja huweza kuua. Waonyesheni watoto kwa macho, wasisikie kwa jina tu. Mtama nao, ukitaka kuuchipuza, chipukizi na mizizi yake ina sumu na lazima iondolewe kabisa baada ya kukausha. Kwa kimea cha mtoto tumieni ulezi, msijisumbue. Na msiokote mbegu porini kwa kuona picha kwenye simu. Muulize mtu aliyeila na aliyempikia mwanawe.

Jingine ni sumukuvu. Mwaka 2004, Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoota kuvu yakiwa hayajakauka. Karanga nazo hushikwa, hata mtama. Mbegu yoyote ikihifadhiwa mbichi mbichi huota kuvu, na sumu yake haitoki kwa kupikwa wala kwa kuoshwa. Kausheni juu ya turubai au mkeka, msianike juu ya udongo mtupu. Ikiwa na ukungu au imebadilika rangi, tupeni, wala msimpe kuku. Kunde zichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, zisibunguliwe. Za kupanda ziwekwe darini juu ya jiko, moshi uzifikie. Aliye na jiko la gesi, chupa kavu yenye kifuniko cha kubana inatosha.

Mtaniambia kuna benki za mbegu. Zipo. Arusha kuna kituo cha taifa kinachohifadhi mbegu za asili, Kenya wana chao Muguga, na huko Svalbard, Norway, dunia nzima imekuwa ikiweka akiba tangu mwaka 2008. Nawaombea heri wote wanaofanya kazi hiyo. Lakini mbegu iliyolala kwenye baridi haimwambii mtu ilowekwe muda gani, ichanganywe na nini, wala mzazi alishwe siku ngapi. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanakwenda. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa mtama, uwele, ulezi na jamaa zake. Palifanyika mikutano. Mwaka ukaisha, nami nikija kwenu nakuta kabatini vilevile.

Mnasema hamna muda. Naukubali uchovu wenu. Foleni ya Dar es Salaam naijua. Basi fanyeni hivi. Ijumaa usiku loweka njugu mawe au kunde. Jumamosi zichemshe nyingi bila viungo, zikipoa gawanya kwenye mifuko midogo, tia kwenye friji ya kugandisha. Siku ya kazi, ukirudi usiku, toa mfuko mmoja, tia nazi, umemaliza kabla wali haujaiva. Kweme zikaange kidogo tu kila mara, kwa sababu mafuta yake huchacha zikishabanguliwa. Zilizo ndani ya ganda hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Sitaki mfanye yote. Kila mmoja wenu achague mbegu moja, aipike mara moja kwa wiki, mpaka watoto waizoee na waidai wenyewe. Na mkienda sokoni, ulizeni kwa sauti, wauzaji wasikie kwamba inatakiwa. Kweme za kupanda ninazo, nimezichagua kubwa na nzito. Njooni mzichukue kabla ya masika, mje na watoto, na mje mapema, kwa sababu kubangua hakufundishwi kwenye simu.